Siri ya mtungi: Hisia za mwanamke katika tamthilia za awali za ufeministi

Ukimwomba mwanafunzi wa fasihi aeleze jinsi mwanamke alivyosawiriwa katika tamthilia yoyote ile, aghalabu atakupa orodha: mvumilivu, mwenye huruma, mwenye mapenzi ya dhati, mwepesi wa kulia. Mtahini naye ataweka tiki zake nne, atoe alama nne, na safari itakuwa imeishia hapo. Sisi walimu ndio tuliomzoesha hivyo. Tumezichukulia hisia za mhusika wa kike kuwa sifa tu, kitu anachokuwa nacho mtu kama anavyokuwa na kanga ya rangi fulani. Ni nadra sana kuuliza: hisia hizi zinajua nini ambacho wahusika wengine hawakijui?

Swali hilo si geni. Liliulizwa jukwaani na wanawake kati ya miaka ya 1890 na 1930, katika tamthilia ambazo leo huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza za ufeministi. Katika makala haya nitaangazia chache kati ya hizo, na hasa moja iliyozaliwa kutokana na kesi ya mauaji na kalamu ya mwanahabari kijana. Nia yangu si kuhesabu majina na miaka. Nataka tuone jinsi waandishi hao walivyoitoa hisia ya mwanamke katika ngazi ya udhaifu wakaipandisha hadi ngazi ya ushahidi.

Mlango wa Nora

Wahakiki wengi huianzia historia hii kwa mwanamume. Mnamo Desemba 21, 1879, tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House, iliigizwa kwa mara ya kwanza jijini Copenhagen. Nora, mke aliyekopa pesa kwa siri na kughushi saini ili kuyaokoa maisha ya mumewe, anagundua kwamba mume huyo anaijali sifa yake kuliko anavyomjali mkewe. Mwishoni anamwacha mume na watoto, akatoka na kuufunga mlango.

Kisa hicho hakikutoka hewani. Kilitokana na masaibu ya mwandishi wa kike aliyefahamiana na Ibsen, Laura Kieler, ambaye pia alikopa kwa siri ili mumewe aliyekuwa mgonjwa apate matibabu. Mambo yalipofichuka, mume alitaka kutengana naye, na Laura akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Tazama tofauti: Nora wa jukwaani alitoka kwa mlango, ilhali Laura wa kweli alifungiwa mlango. Jamii yake haikuisoma hofu yake kama hofu ya mke aliyekuwa akimtetea mumewe. Iliisoma kama wazimu.

Hata Nora mwenyewe hakusalimika. Kule Ujerumani, mwigizaji mmoja mashuhuri alikataa kuigiza mama anayewaacha watoto wake. Ibsen, akihofia kwamba wengine wangeiharibu kazi yake vibaya zaidi, akaandika kwa shingo upande tamati nyingine ambamo Nora anaonyeshwa watoto wake waliolala, miguu ikamlegea, akabaki. Kumbe hisia zilizokubalika jukwaani zilikuwa na mipaka! Mama aruhusiwe kulia, aruhusiwe kuzirai, lakini asiruhusiwe kufikiri hadi mwisho wa hisia yake.

Ni mipaka hiyo ambayo wanawake waliokuja kuandika baadaye walianza kuisukuma.

Mama asiyetaka kutubu

Elizabeth Robins alikuwa mwigizaji mzaliwa wa Marekani aliyejipatia jina London kwa kuigiza wahusika wa kike wa Ibsen, akiwemo Hedda Gabler mnamo 1891. Miaka miwili baadaye, yeye na rafiki yake Florence Bell waliandika tamthilia fupi iitwayo Alan's Wife. Ilipoigizwa mwaka wa 1893 haikuwa na jina la mwandishi. Robins mwenyewe ndiye aliyeigiza mhusika mkuu, Jean, ilhali hadhira haikujua kwamba maneno aliyoyatamka yalikuwa yake na ya mwenzake.

Jean ni mke wa kibarua mwenye nguvu anayempenda kwa moyo wote. Mume anakufa katika ajali kazini. Mtoto anazaliwa akiwa na ulemavu, na Jean, akiwaza maisha ya mateso yanayomngoja mwanawe, anambatiza kisha anamuua. Kisa kinachukiza, na kwa msomaji wa leo anayeelewa haki za watu wenye ulemavu, kinachukiza maradufu. Sitaki kukitetea. Ninachotaka tukitazame ni onyesho la mwisho, gerezani.

Mama yake, kasisi na wakuu wa gereza wanamsihi aseme neno moja la majuto ili asinyongwe. Jean ananyamaza. Sasa tazama walichofanya waandishi: katika maandishi ya tamthilia, mahali pa jibu la Jean, wameandika kwamba yuko kimya, kisha wakaeleza ukimya huo unasema nini. Mwigizaji aliyasema mambo hayo kwa macho, kwa mkono, kwa jinsi alivyogeuza shingo. Wanaume waliomzunguka hawakuwa na namna ya kuusoma ukimya ule. Kwao, mama asiyelia hana hisia. Tamthilia inatuambia kinyume: hisia zake zilikuwa nzito mno kwa lugha waliyomtaka aitumie.

Robins hakuishia kwenye ukimya. Mwaka wa 1907, wanawake wa Uingereza wakiwa katika harakati za kudai kura, aliandika Votes for Women!, iliyoigizwa katika ukumbi wa Court jijini London. Kitendo cha pili kinamweka mwanamke juu ya jukwaa la hotuba katika uwanja wa Trafalgar, mbele ya umati wa watu wanaomkatiza na kumzomea. Mhusika mkuu, Vida Levering, ana jeraha la zamani: aliwahi kupenda, akapata mimba, akapoteza mtoto kabla hajazaliwa, na mwanamume aliyehusika sasa ni mwanasiasa mwenye heshima zake. Katika tamthilia za zamani mwanamke wa namna hiyo angejiua katika onyesho la mwisho. Vida hajiui. Anaichukua huzuni yake na kuigeuza hoja ya kisiasa. Badala ya kudai ndoa, anadai uungwaji mkono kwa ajili ya kura ya wanawake.

Kwa hiyo ndani ya miaka 14 mwandishi mmoja alitupa njia mbili: hisia inayonyamaza kwa sababu lugha iliyopo haitoshi, na hisia inayopanda jukwaani kuhutubia. Njia ya tatu ilikuja kutoka Marekani, na ilipitia jikoni.

Kesi ya Indianola

Usiku wa kuamkia Desemba 2, 1900, mkulima John Hossack alipigwa shoka kichwani akiwa kitandani mwake, karibu na mji mdogo wa Indianola katika jimbo la Iowa. Mkewe, Margaret, mama wa watoto tisa, alisema kwamba alikuwa amelala kando yake. Aliamshwa na sauti kama ya mbao mbili zilizogonganishwa. Hakumwona muuaji. Sherifu alimkamata mara tu baada ya mazishi.

Gazeti la Des Moines Daily News lilimtuma ripota wake kufuatilia kesi. Ripota huyo alikuwa Susan Glaspell, msichana wa umri wa miaka 24 aliyekuwa amehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia. Aliandika ripoti 26 kuhusu kisa hicho. Zile za mwanzo hazikumwonea mshtakiwa huruma. Margaret alichorwa kama mwanamke mkubwa wa mwili, mkavu wa macho, asiyetetereka. Mbona halii? Mbona hazirai? Wasomaji walipewa picha ya mtu mwenye moyo wa jiwe hata kabla ya shahidi wa kwanza kusimama. Baadaye Glaspell alifika nyumbani kwa Hossack, na baada ya ziara hiyo wahakiki wameona sauti ya ripoti zake ikibadilika: Margaret anaanza kuwa mama mzee, mchovu, mwenye uso wa huzuni.

Mnamo Aprili 1901 kesi ilisikilizwa. Ilijulikana mtaa mzima kwamba Hossack alikuwa mkali nyumbani na kwamba mkewe aliwahi kuwakimbilia majirani kuomba msaada. Lakini angalia jinsi mateso hayo yalivyotumiwa. Upande wa mashtaka uliyaleta mahakamani kama sababu ya kuua: aliteswa, kwa hiyo alimchukia, kwa hiyo alimuua. Upande wa utetezi nao ukalazimika kudai kwamba wanandoa hao walikuwa wamekwisha kupatana. Yaani uchungu wa mwanamke yule uliingia mahakamani kwa mlango mmoja tu, mlango wa kumtia hatiani. Juri, jopo la raia 12 wanaoamua hatia, lilikuwa la wanaume watupu. Walimpata na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Glaspell aliacha kazi ya uripota muda mfupi baadaye. Mwaka wa 1902 mahakama ya juu ya Iowa iliibatilisha hukumu hiyo kutokana na kasoro za kisheria. Kesi ilipoanza upya mwaka wa 1903, waamuzi walishindwa kuafikiana, na Margaret akaachiliwa. Mpaka leo hakuna ajuaye kwa yakini ni nani aliyeinua lile shoka.

Vitu vidogovidogo

Miaka 15 ilipita. Glaspell alikuwa ameolewa na George Cram Cook, na wawili hao pamoja na marafiki zao walikuwa wameanzisha kikundi cha maigizo huko Provincetown, Massachusetts, katika banda kuukuu la wavuvi lililojengwa juu ya gati. Katika majira ya joto ya 1916, Cook alitangaza kwamba mkewe angeleta tamthilia mpya. Hakuwa nayo! Glaspell alisimulia baadaye kwamba alikwenda akakaa peke yake mbele ya jukwaa lile tupu, akalitazama, na baada ya muda jukwaa likageuka jiko. Mnamo Agosti 8, 1916, Trifles iliigizwa. Jina lenyewe lina maana ya vitu vidogovidogo visivyo na uzito, vijimambo.

Tamthilia ni fupi, ya kitendo kimoja. Mkulima aitwaye John Wright amenyongwa kwa kamba kitandani mwake. Mkewe, Minnie, yuko jela. Watu watano wanaingia katika nyumba yao asubuhi ya baridi kali: mwendesha mashtaka, sherifu, jirani aliyeugundua mwili, na wake wawili, Bi Hale na Bi Peters. Wanaume wanatafuta sababu ya mauaji. Wanapanda ghorofani kukagua chumba cha kulala, wanashuka, wanatoka kwenda ghalani, wanarudi. Wanawake wanabaki jikoni kumtafutia mfungwa nguo.

Waswahili tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaume wale walikikagua kitanda na kamba na madirisha. Hawakuuliza habari za aliyekilalia kwa miaka mingi.

Jikoni, macho ya wanawake yanaanza kufanya kazi. Chupa za matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari zimepasuka kwa baridi, isipokuwa moja. Wanaume wanacheka wakisikia kwamba Minnie, anayekabiliwa na mashtaka ya mauaji, anahofia chupa zake. Wanawake hawacheki. Wanajua jasho la kiangazi kizima lililomo ndani ya chupa zile. Meza imepanguswa nusu. Mwanamke hapangusi nusu ya meza akaacha. Kuna kitu kilichomkatiza. Halafu wanapata mfarishi aliokuwa akiushona, blanketi la vipande vya vitambaa. Mishono yote imenyooka, ila ule wa mwisho umekwenda upogo, kana kwamba mshonaji hakujua mkono wake unafanya nini.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mshono uliokwenda upogo ni hisia iliyoachwa kwenye kitambaa. Mpelelezi hawezi kuisoma kwa sababu hajawahi kushika sindano mkono ukitetemeka. Bi Hale anaisoma mara moja. Na anafanya nini? Anaufumua mshono ule na kuushona upya, taratibu, akisema kwamba anarekebisha tu. Tayari amekwisha kuharibu ushahidi, na wanaume ghorofani bado wanapima urefu wa kamba.

Kisha wanaona kitundu cha ndege chenye kijilango kilichovunjwa. Hatimaye, ndani ya kisanduku cha kushonea, wanampata ndege mwenyewe, chiriku, amefunikwa kwa kitambaa cha hariri, shingo imesokotwa. Mume aliyenyongwa na ndege aliyenyongwa: kesi imekwisha. Sababu iliyokuwa ikitafutwa imo kiganjani mwa wanawake wawili.

Hisia zinazofikiri

Glaspell angeweza kuishia hapo, tukapata hadithi nzuri ya upelelezi. Lakini uzito wa Trifles umo katika yale yanayotokea mioyoni mwa wanawake hawa wawili, ambao mwanzoni hata hawafahamiani vizuri.

Bi Hale anamkumbuka Minnie kabla hajaolewa: msichana aliyevaa nguo nyeupe yenye utepe wa buluu, aliyekuwa akiimba katika kwaya. Kwa hiyo anapomwona ndege aliyekufa, anamwona Minnie. Hisia yake kuu, hata hivyo, ni majuto. Amekaa jirani na mwanamke huyu miaka yote hiyo, na kwa mwaka mzima hakumtembelea. Nyumba ile haikuwa na furaha, naye aliikwepa kwa sababu hiyohiyo. Sasa anajiona kuwa naye ametenda kosa, na anauliza ni nani atakayeliadhibu. Hilo ni swali ambalo hakuna kifungu cha sheria kinachoweza kulijibu.

Bi Peters ni mkewe sherifu. Mwanzoni anaisemea sheria, kwa sauti ndogo, kama mtu anayekariri alichofundishwa. Wanaume wenyewe humtania kwamba ameolewa na sheria. Lakini ndege yule anafukua kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya utotoni: mvulana aliyemuua paka wake mdogo mbele ya macho yake, na hasira iliyompanda siku hiyo hata isingekuwa watu kumshika, angemdhuru. Ya pili ni ya ujana wake kule Dakota, alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, akabaki katika nyumba iliyo kimya. Hasira ya kumbukumbu ya kwanza inamwonyesha jinsi mkono unavyoweza kuinuka. Huzuni ya pili inamwonyesha ukimya wa nyumba ya Minnie, isiyo na mtoto, ambamo sauti pekee ilikuwa ya ndege. Ukimwua ndege yule, umerudisha ukimya.

Kwa hakika hapa ndipo panapotenganisha tamthilia hii na melodrama nyingi zilizoitangulia. Hakuna anayelia kwa kwikwi. Hakuna anayezirai. Kila hisia inafanya kazi ya akili: inakumbuka, inalinganisha, inapima, inatoa hukumu. Mwishoni, wanaume wakikaribia, ni Bi Peters, mke wa sheria, anayejaribu kwanza kukificha kisanduku na kushindwa, na Bi Hale anakidaka na kukitia mfukoni. Mwendesha mashtaka, kwa mzaha, anauliza Minnie alikusudia kuumalizia vipi mfarishi wake. Bi Hale, mkono ukiwa mfukoni, anamjibu kwa neno la ushonaji lenye maana ya kufunga fundo. Mwanamume anasikia habari za uzi. Sisi tulioketi tunasikia habari za kamba.

Kuna jambo jingine, la kiufundi lakini lenye maana. Minnie haonekani jukwaani hata mara moja. Glaspell, ambaye kalamu yake ya ujana ilimchora Margaret Hossack mbele ya maelfu ya wasomaji, safari hii amemwondoa mshtakiwa kabisa machoni pa watazamaji. Hatuwezi kuukagua uso wake tuseme ni mkavu. Tunalazimika kumjua kupitia mkate, taulo, mshono na ndege. Siwezi kuapa kwamba Glaspell alikuwa akitubu kwa ripoti zake za mwaka wa 1900. Lakini sioni jinsi mtu aliyeziandika angeweza kuiandika tamthilia hii bila kuzikumbuka. Mwaka uliofuata aliiandika upya kama hadithi fupi, na anwani aliyoipa inahusu juri ya watu walio sawa na mshtakiwa. Margaret hakuipata juri ya namna hiyo.

Pingamizi mbili

Wapo watakaopinga. La kwanza: je, tamthilia hii haihalalishi mauaji? Nimewahi kulisikia darasani, na kwa kawaida linatolewa na vijana wa kiume kwa sauti ya juu. Nadhani ni swali la haki. Glaspell halijibu kwa kusema kwamba Minnie alifanya vyema. Wanawake wenyewe wanatetemeka kwa wanachokifanya. Wanachouliza ni iwapo mahakama isiyoweza kuusoma mshono inaweza kumhukumu mshonaji. Katika mwaka wa 1916 wanawake wengi wa Marekani hawakuwa na kura. Marekebisho ya katiba yaliyowapa haki hiyo yalipitishwa mwaka wa 1920. Walitawaliwa na sheria ambazo hawakushiriki kuzitunga na wakahukumiwa na majopo ambayo hawakuruhusiwa kuyakalia.

La pili ni zito zaidi. Je, kwa kusisitiza hisia, waandishi hawa hawakuithibitisha ile dhana kongwe kwamba mwanamume hutawaliwa na akili na mwanamke na moyo? Jibu ni kwamba walikataa mgawanyiko wenyewe. Tazama wanaume wa Trifles. Wamejaa hisia: kiburi, dharau, haraka ya kushinda kesi. Tofauti ni kwamba hisia zao zimepewa jina la akili.

Na tusidhani kwamba mwanamke aliyezungumziwa ni mmoja. Machi mwaka huohuo wa 1916, huko Washington, iliigizwa Rachel ya Angelina Weld Grimké, mwandishi Mmarekani mweusi. Rachel ni msichana anayependa watoto kupita kiasi, na ndoto yake ni kuwa mama. Kisha anaambiwa ukweli kuhusu babake na kaka yake: waliuawa na umati wa wazungu. Anaanza kuona jinsi watoto weusi anaowapenda wanavyotukanwa na kupigwa mawe shuleni. Anamkataa mwanamume anayempenda na kuapa kutozaa. Kwa Nora, swali lilikuwa kama anaweza kuwaacha watoto. Kwa Rachel, swali ni kama ana haki ya kuwaleta katika nchi itakayowaua. Waliomlaumu Grimké kwamba anawahimiza weusi wasizae aliwajibu kwamba aliwalenga wanawake weupe: alitaka kuwagusa kupitia umama, hisia waliyokuwa wakijidai kuithamini, ili waone ubaguzi ulikuwa ukiwatenda nini akina mama wenzao. Hapo umama haukuwa sifa ya mhusika. Ulikuwa mashtaka.

Waandishi wawili wa habari

Nimalizie safari ya Marekani kwa mwanahabari mwingine. Mwaka wa 1927 huko New York, Ruth Snyder na mpenzi wake walishtakiwa kwa kumuua mume wa Ruth. Magazeti yaliivamia kesi hiyo kama nzi. Ruth alipokalishwa kwenye kiti cha umeme Januari 1928, mpiga picha mmoja aliingiza kamera aliyoifunga mguuni chini ya suruali, na picha ya mwanamke akifa ikajaza ukurasa wa mbele wa gazeti.

Sophie Treadwell, ripota mzoefu aliyewahi kumhoji Pancho Villa wa Mexico, aliifuatilia kesi ile mahakamani. Septemba 1928 tamthilia yake, Machinal, ilifunguliwa New York. Ina vipindi tisa, na mhusika mkuu anatambulishwa kama Mwanamke Kijana tu. Yeye ni karani anayeolewa na bosi wake kwa sababu mama yake anahitaji kulishwa, ilhali mikono ya bosi huyo inamtia kinyaa. Sauti za mashine zinamwandama kutoka mwanzo hadi mwisho: taipu za ofisini, simu, nyundo za wajenzi nje ya dirisha la hospitali alikojifungua. Hapo wodini, daktari anampa amri badala ya kumsikiliza, naye anajibu kwa kutikisa kichwa na kwa kichefuchefu. Mwili ndio unaosema kile ambacho mdomo hauruhusiwi.

Katika onyesho la mahakamani, Treadwell aliwaweka waandishi wawili wa habari wakimtazama mwanamke yuleyule kwa wakati uleule. Mmoja anaandika kwamba anatetemeka; mwingine anaandika kwamba anaonyesha dharau. Jamani, nani kamwona? Ni swali lilelile lililomkuta Margaret Hossack: akilia, anaigiza, asipolia, ni jiwe.

Kurudi nyumbani

Tamthilia ya Kiswahili ina akina mama wake walioliuliza swali hili kwa namna yao. Penina Muhando, katika Nguzo Mama ya 1982, aliwaweka jukwaani wanawake wa kijiji cha Patata wanaojaribu kuisimamisha nguzo, kila mmoja akivutwa nyuma na mzigo wa nyumbani kwake. Hapa Kenya tulipata Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi mnamo 1987. Sidai kwamba walijifunza kwa Glaspell. Hawakuhitaji. Mwenye jiko halazimiki kwenda Iowa kujua moto unavyounguza.

Ninachodai ni kwamba tukizisoma kazi hizi kwa kuokota sifa za wahusika, tutakuwa kama sherifu na wenzake: tumepanda ghorofani, tumeshuka, tumetoka ghalani, na ndege bado yumo kisandukuni. Mwanafunzi anayeandika kwamba mhusika ana huzuni hajakosea. Amwulize tena huzuni hiyo: umeona nini? Inakumbuka nini? Nani asingependa iseme? Akilia, nani anaandika kwamba amelia? Asipolia, nani anaamua kwamba hana moyo?

Mwalimu anaweza kuanza na kitu kimoja kidogo. Atafute katika tamthilia anayofundisha kifaa cha nyumbani ambacho mhusika wa kike hukishika, iwe ni sufuria, ufagio au uzi, na alifanye darasa likifuate kifaa hicho kutoka onyesho hadi onyesho. Nimelijaribu zoezi hili. Wasichana huanza kuzungumza kwanza, kisha wavulana waliowahi kuishi na mama mlezi peke yake, na mwishowe hata wale wa viti vya nyuma.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa muda mrefu mahakama, magazeti na hata madarasa yetu ya fasihi yameupima mtungi kwa nje, yakapiga picha, yakaandika ripoti. Wanawake walioandika tamthilia za kwanza za ufeministi walifanya jambo moja tu: waliiita kata itoe ushahidi.